Mwimbaji Tuliyembeba Kichwa Mbele

Asubuhi ile, uani kwa Thembo kule Mahango, tulikuwa watu kumi. Nawataja wote, kwa sababu wengine wamekwisha kufa na sijui kama majina yao yameandikwa mahali pengine popote. Alikuwapo Kule, mwenyekiti wa chama cha machela. Walikuwapo Baluku, Muhindo, Mbusa, Masereka na Kambasu, wabebaji wake. Alikuwapo Bwambale, mdogo wangu. Alikuwapo Biira, mke wa Thembo, na Thembo mwenyewe, amelala kwenye mkeka amekunja magoti. Wa kumi ni mimi, Masika, dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati ya Muhokya. Wale wanaume saba wa kwanza wote walikuwa wamepigana vita vya mlimani. Thembo ndiye mwimbaji aliyevipinga vita vyao redioni, nchi nzima ikisikia.

Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi wauguzi vijana mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Vyeo sitavitaja, vilikuwa viwili tu na cha pili kilikuja na funguo za stoo. Mishahara mnaijua. Nitaandika nilivyojifunza kazi, kisha nitarudi kwenye siku ile, kwa sababu kila mwaka mmoja wenu huniuliza kama wale wanaume walifanya vizuri au vibaya.

Wazazi wetu walikufa wakifuatana, mama kwanza, baba miezi michache baadaye. Nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la tano. Bwambale alikuwa na kumi, na Mbambu, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa na sita. Wazee wa ukoo walitaka kutugawa nyumba tatu. Nikasema hapana, nikaacha shule, nikateremka nao Bwera kutafuta kazi. Ndiyo maana kwetu, ingawa mimi ni mwanamke, mkubwa wa nyumba nimekuwa mimi. Hilo lisisahauliwe, maana lina kazi yake mbele.

Kazi niliipata kwenye zahanati ndogo karibu na mpaka, kusugua sakafu. Mganga wake alikuwa Papa Kambale, muuguzi kutoka Butembo, aliyevuka na sanduku la vifaa begani wakati nchi yake ilipochafuka. Kila asubuhi alianza na ishara ya msalaba na kikombe cha kahawa bila sukari, na sijui kipi kati ya viwili hivyo alikiheshimu zaidi. Siku yangu ya tatu aliniambia nichemshe sindano kwenye stovu. Nilichemsha mpaka maji yakakauka, bomba mbili za kioo zikapasuka.

Akaja, akafunua kifuniko, akanitazama.

"Masika, unapika nini? Unazani sindano ni muhogo?"

"Nisamehe, Papa."

"Kusamehe iko kwa Padiri. Hapa kwangu, kesho utachemusha tena, na utasimama pale-pale mupaka maji iko juu ya kioo. Ni hivyo tu."

Alinifundisha kunoa sindano kwenye jiwe laini lenye mafuta, kisha kuvuta ncha yake juu ya pamba. "Kama pamba inabakia kwa ncha, na ngozi ya mutu itabakia vilevile." Nyinyi sindano mnatumia mara moja mnatupa. Sisi moja tuliitumia mpaka ikafupika, na kila mgonjwa wa Bwera aliijua kwa sura.

Alinifundisha pia henia, na somo hilo lilikuja kuokoa mtu, kwa hiyo nalieleza. Mpakizi wa malori ya chumvi aliletwa kutoka Kikorongo, uvimbe kwenye kinena umekuwa mgumu kama embe bichi, anatapika. Mimi nikanyoosha mkono niurudishe ndani. Papa Kambale akanipiga kofi vidoleni.

"Usisukume! Utapasula. Weka matako juu, kichwa chini. Utumbo iko kama ngombe. Ukiifukuza inakatala. Ukiifungulia njia, inarudia yenyewe kwa zizi."

Tukamlaza hivyo, tukaweka kitambaa cha maji baridi, tukangoja gari. Ng'ombe wa mtu yule alirudi zizini kabla gari halijafika. Mara nyingi harudi, lakini mlalo ule hupunguza mkazo na humpa mgonjwa saa chache za kumfikia mpasuaji.

Vita vya mlimani mmevisikia kwa babu zenu, nami si mwanahistoria. Watu wetu walichoka kutawaliwa kutoka ufalme wa Toro na kuitwa nyani katika ofisi walizolipia kodi. Wengine waliandika barua, wengine wakapanda mlimani na mikuki. Bwambale alipanda akiwa na miaka kumi na saba. Alinikuta nikifua mashuka ya zahanati.

"Dada, naenda."

"Nani atalima?"

"Tukirudi tutalima chetu."

Nilikasirika mpaka sikumpa chakula cha njiani. Baadaye kila mchuuzi wa chumvi aliyepanda mlimani nilimpa ujumbe ule ule: mwambie Bwambale ashuke. Sikuona haja ya vita vile kuchukua mtu niliyemlea kwa mikono hii. Kwa hiyo wimbo wa Thembo ulipotoka, niliupenda. Sitawadanganya.

Thembo alikuwa mtu wa Mahango aliyekwenda Kampala na gita, akawa mkubwa. Picha yake ilibandikwa kwenye maduka ya Kasese, amevaa viatu vyeupe. Wimbo wenyewe uliwaambia vijana washuke, kwa sababu ukungu haupikwi ukaiva, na mama hawezi kumpakata shujaa aliyezikwa. Maneno ya kweli. Nilikuwa nikiuimba nikinoa sindano, mpaka siku moja Papa Kambale aliniambia niunyamazie, maana kwenye benchi nje alikuwa ameketi mama aliyekuwa na wana wawili juu.

Kisha wenye bunduki wa huku chini wakaupa wimbo ule kazi nyingine. Walifunga kipaza sauti juu ya Landrova, wakaegesha chini ya mlima, wakaupiga kutwa nzima. Shukeni, shukeni. Mdogo wake Kule, kijana mpole aliyempenda Thembo kuliko mboga, akaamini kwamba Thembo mwenyewe yuko pale chini na gita lake. Alishuka mikono juu, mchana kweupe, na Kule akimtazama kutoka kwenye jiwe. Aliingizwa garini. Mpaka leo hajaonekana.

Bwambale hakushuka kwa wimbo. Alishushwa kwa machela, risasi imepita juu ya goti, na wenzake wakambeba siku mbili hadi Bwera. Papa Kambale hakumuuliza ametoka wapi. Aliuliza, "Inauma wapi?" kama alivyowauliza wote, askari na wakimbizi na walevi wa siku ya soko. Mguu ulipona, lakini mfupi. Tangu hapo ndugu yangu hutembea kama mtu anayekanyaga shimo kila hatua ya pili.

Miaka ya sabini ilipoanza, Papa Kambale alirudi kwao na mimi nikahamia Muhokya. Kila wiki mbili nilipanda Mahango kuchanja watoto na kufunga vidonda. Wapiganaji wengi walikuwa wamekwisha kuteremka kimya kimya, wamerudi kwenye kahawa na mihogo yao, Bwambale naye akilima huko huko Mahango. Kule alikuwa ameanzisha upya chama cha machela, na kwa sababu ninyi siku hizi mna gari la wagonjwa, nieleze chama chenyewe.

Barabara haipandi kule juu. Mgonjwa hubebwa kwenye kitanda cha fito kilichofungwa kwenye mianzi miwili, wanaume wanne kwa zamu. Kila nyumba ina deni la mabega. Ukibebwa na watu sita, umekopa mabega sita, na utalipa kwa kubeba wengine. Nyumba ambayo haijawahi kubeba haibebwi, mpaka mkubwa wa nyumba nyingine ajitokeze kuidhamini. Mdaiwa asipolipa, mdhamini hulipa. Na jambo jingine: kwa kuteremka, aliye hai hutanguliza miguu, kichwa kikibaki upande wa juu. Maiti hutanguliza kichwa. Mtu wa bondeni akiona machela inakuja, hana haja ya kuuliza.

Thembo alirudi Mahango mwaka huo bila viatu vyeupe. Redio ilikuwa imepata waimbaji wengine, na Kampala ya wakati ule haikuwa mahali pa mtu mwenye mdomo. Alijenga nyumba ya bati juu kabisa ya kilima. Hakuna aliyemsumbua. Hakuna aliyemsalimu pia. Akipita, wanaume wa Kule walianza kuzungumza habari za mvua.

Asubuhi ile nilikuwa nimepanga watoto foleni Biira alipokuja mbio, kanga imefunguka.

"Dresa, njoo. Thembo anakufa."

Nilipomfunua niliona embe lile lile la mpakizi wa chumvi. Limekuwa gumu, ngozi imeanza kubadilika rangi, ametapika usiku kucha. Nikajua hafiki jioni asipopasuliwa. Nikatuma watu wamwite Kule, naye akaja na wenzake na machela, kwa sababu ndiyo desturi: machela huja kwanza, maneno hufuata. Aliyeitwa kubeba huja hata kwa adui. Lakini alipoona ni nani, Kule aliiegesha machela ukutani.

"Nyumba hii haijabeba mtu," alisema.

"Alikuwa Kampala, Kule," nikasema.

"Najua alikokuwa. Tulikuwa tunamsikia."

Biira akapiga magoti. "Baba, nawaomba. Mkimkasirikia, mkasirikieni akiwa hai."

"Mama, sina hasira. Nina utaratibu. Nani anamdhamini?"

Muhindo akacheka. "Watu wa redio wamdhamini. Walete na kipaza sauti."

"Afande, mie bega langu linauma," Mbusa akamwambia Kule, akijisugua lisilouma.

Thembo alifumbua macho. Nadhani asingekuwa na maumivu angekuwa na aibu.

Nilijua ninachotaka kusema, na nilijua Bwambale yuko nyuma yangu. Alikuwa amekuja na wenzake, ingawa kwa mguu ule alikuwa hahesabiwi zamu. Huyu ndugu nilimnyima chakula cha njiani, kisha nikauimba wimbo wa adui yake juu ya jiwe la kunolea sindano. Sikugeuka kumtazama. Nikasema, "Mimi ni mkubwa wa nyumba. Namdhamini."

Kisha sauti ya Bwambale: "Dada, umeniuliza?"

"Sijakuuliza."

"Nyumba ni yetu sote."

"Ni yetu sote. Na mtu huyu anakufa."

"Na mdogo wake Kule je?"

Nilimwambia Kule, "Mimi sikuombi umsamehe. Hilo si langu. Nakuomba mabega."

Kule alimtazama Bwambale muda mrefu, kama anayeomba ruhusa. Bwambale akatema mate pembeni. Kule akaichukua ile kama ruhusa. "Utaratibu umetimia," alisema. "Mwekeni."

Hapo ndipo ilinibidi niwaambie habari mbaya zaidi. "Sivyo hivyo. Mgeuzeni. Kichwa kitangulie."

Waliganda. Baluku alidhani nimechanganyikiwa. "Dresa, huyo bado anapumua."

"Ndiyo. Nataka aendelee. Matako yawe juu, kichwa chini, mpaka barabarani."

Walinitazama, wakatazamana, na ghafla Kambasu akashikwa na kicheko, kikawaambukiza wote. Walicheka mpaka Muhindo akakaa chini. "Kumbe dawa yenyewe ndiyo hii!" alisema. "Tumbebe kama maiti! Dresa, ungetuambia tangu mwanzo tusingebishana." Hata Kule alificha mdomo. Wakamgeuza, wakamfunga, wakanyanyua. Mbusa, mwenye bega bovu, alishika mwanzi wa mbele.

Kosa lilikuwa langu, kazini huwa ni la aliyetoa amri: sikufikiria watu wa chini. Kwenye nyumba ya kwanza, mwanamke aliyekuwa akianua nguo aliona kichwa kimetangulia, akamwona Biira nyuma analia, akapiga yowe. Yowe likapokelewa na nyumba ya pili, likatutangulia bonde zima. Kila tulipofika watu walikuwa wamesimama kandokando ya njia, kofia mkononi. Nilipiga kelele kwamba ni mzima, lakini nani husikia sauti moja ndani ya msiba? Wabebaji hawakunisaidia. Nadhani walitaka kusikia.

Na Thembo alisikia. Uso wake ulikuwa juu, macho wazi, lakini Biira alikuwa amemfunika kitambaa kwa jua. Mzee mmoja alisema, "Amekwenda aliyetuuzia watoto." Mwanamke akamjibu hapo hapo, "Alisema kweli, mlikuwa mnakufa bure." Kijana akauliza ni nani, akaambiwa, akasema hamjui. Bibi mmoja aliimba ule wimbo wake, polepole, kama wa kulalia mtoto, na kabla hajamaliza mstari mwingine alimvuta kanga anyamaze. Nikaona kitambaa kimelowa usoni pa Thembo.

Chini ya kitambaa akaita, "Kule."

"Sema, maiti."

"Nilipewa studio. Nikaimba. Sikuuliza wataupigia wapi."

Tulikuwa tunashuka mahali pabaya, mawe yamelegea. "Ulimwambia mtu ashuke," Kule akasema, "hukuwa chini kumpokea."

"Ndiyo."

"Basi."

Nimelifikiria neno lile miaka yote. Mimi na Thembo tulisema jambo moja. Mimi nilimwambia ndugu mmoja ashuke, na aliposhuka nilikuwa pale na sindano na bandeji. Yeye aliuambia mlima mzima, akaenda kulala. Kuvipinga vita vile hakukuwa kosa, nami ningevipinga tena kesho. Lakini mwenye sauti kubwa huwafikia watu asioweza kuwapokea, na sijui kama anapaswa kunyamaza kwa ajili hiyo. Sijui kweli. Kule naye hakusema amesamehe, na hakuiacha machela iyumbe.

Tulipofika tambarare, Bwambale akasogea. "Nipisheni."

"Mguu huo?" Kule akauliza.

"Nipisheni nimesema."

Akaingia chini ya mwanzi wa nyuma. Kwa kila hatua yake ya pili machela ilizama na kuinuka, na Thembo akaguna kila mara. Akauliza ni nani. Nikamwambia ni mdogo wangu, na mguu ameuacha mlimani. Hakuguna tena, ingawa naamini maumivu hayakupungua. Bwambale alibeba mpaka barabara ya Muhokya, jasho likimtiririka. Pikapu ya mnunuzi wa pamba ilimchukua Thembo hadi Kasese, akapasuliwa mchana huo, akapona.

Daktari alimkataza kubeba kitu kizito maisha yake yote. Thembo akapanda Mahango kwenda kwa Kule kuuliza atalipaje mabega saba. Chama kikakaa. Kwa sababu ya kile kilio cha bure, waliamua kwamba tangu siku hiyo kila machela itanguliwe na mtu wa kutangaza kama anayeletwa ni mgonjwa au ni marehemu, na mtu huyo awe Thembo, kwa kuwa sauti bado alikuwa nayo. Safari moja ya kutangulia ingelipa bega moja. Miaka iliyofuata nilizoea kumsikia kabla sijaiona machela: "Ni mzima! Tupisheni, ni mzima!" Alikwenda katika mvua, alikwenda na homa. Walimpokelea malipo mmoja mmoja. Kule alikuwa wa sita. Alisema tu, "Bega langu limerudi," akaanza kumsalimu njiani kama jirani mwingine.

Bwambale alikataa. "Mimi silipwi kwa mdomo," alisema. "Bega kwa bega. Kama hawezi, likae."

"Atalipa vipi, na daktari amemkataza?"

"Sijui, Dada. Hukuniuliza ulipomdhamini, usiniulize sasa."

Likakaa. Thembo aliendelea kutangulia machela hata alipokuwa hadaiwi na wengine, na kila alipopita kwetu alisimama kidogo mlangoni, na Bwambale hakutoka. Thembo alikufa kwa homa ya mapafu kabla muongo ule haujaisha. Siku ya maziko wanaume walipoinama kunyanyua jeneza, ndugu yangu alimsogeza Mbusa kwa kiwiko, akaingia, akachechemea nalo mpaka kaburini. Sikuthubutu kumwuliza maana yake. Jioni, tukila, alijibu bila kuulizwa.

"Sasa ni mawili, Dada."

La machela na la jeneza: mdaiwa ameondoka, mdhamini ni mimi. Goti la Bwambale sasa halimfikishi sokoni, na bado anaishi juu kule ambako gari lenu haliendi. Siku yake ya kushushwa itafika. Mabega mawili ya kumbeba ni mimi wa kuyatoa, na mpaka leo sijalipa hata moja.